Kijana Atakaye Kuwa Rubani wa Ndege: Ajitayarishe Namna Gani Apate Kuandikwa Kazi



Hakuna kijiji kisicho na mtoto asimamaye uwanjani akitazama juu ndege ipitapo, mpaka sauti yake ipotee nyuma ya vilima. Wengi hutazama, kisha huurudia mchezo wao. Lakini wapo wachache ambao jambo hili huwakaa moyoni, na wakifika sekondari hulitamka mbele ya baba na mama: «Nataka kuwa rubani.» Hapo nyumba nzima huingia katika mashauri. Mjomba asema kazi hiyo ni ya wana wa matajiri. Shangazi asema ni ya hatari. Baba, mwenye shamba moja na ng'ombe wanne, hufanya hesabu usiku kucha asipate usingizi.

Twaandika maneno haya kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Hatutaki kumkatisha kijana tamaa, wala hatutaki kumpaka mzazi mafuta kwa mgongo wa chupa. Twataka kuonyesha njia ilivyo, toka darasani mpaka siku ambapo shirika la ndege lamwandika mtu kazi, ili mali ya jamaa isitupwe bure. Neno letu kubwa ni moja: anza na mambo yasiyogharimu sana, kwa maana hayo ndiyo yawaangushayo wengi. Yaliyo ghali yaache mpaka hayo ya kwanza yamekwisha kuthibitika.

Shirika latafuta mtu wa namna gani?

Watu wengi hudhani kwamba rubani huchaguliwa kwa ushujaa. Sivyo. Ndege moja kubwa ya abiria yagharimu makumi ya mamilioni ya dola, na ndani yake huketi mamia ya watu wasiomjua rubani hata kwa jina. Wamemkabidhi roho zao. Kwa hiyo shirika latafuta mtu wa kuaminiwa: afuataye kanuni hata asipotazamwa na mtu, asemaye kweli akikosa, asiyeona aibu kuuliza. Vipimo vyote tutakavyovieleza hapa chini ni njia mbalimbali za kuutafuta uaminifu huo.

Daktari kabla ya shule

Nchi karibu zote za dunia, na Kongo mojawapo, ni wanachama wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga liitwalo ICAO, lenye makao yake Montreal, Kanada. Kanuni zake hudai kwamba rubani wa mshahara awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Daktari aliyeidhinishwa na serikali hupima macho, masikio, moyo, mapafu, mkojo, tena huchunguza kama akili imetulia. Wala cheti hicho si cha maisha. Kwa kawaida rubani hupimwa upya kila mwaka, na apitapo miaka 60, kila miezi sita. Akitimiza miaka 65, haruhusiwi tena kuendesha ndege za abiria katika safari za kimataifa.

Wengine huogopa kwa sababu wavaa miwani. Wasiogope: miwani haimzuii mtu, maadamu akiivaa aona vema. Jambo la kuogopwa zaidi ni rangi. Wapo watu, wanaume kuliko wanawake, ambao tangu kuzaliwa hawawezi kupambanua vizuri nyekundu na kijani, nao hawajui, kwa kuwa hakuna aliyepata kuwapima. Huyo ataishi maisha yake yote bila shida shambani na dukani. Lakini rubani huongozwa na taa nyekundu, za kijani na nyeupe, usiku na katika mvua. Udhaifu huo waweza kumfungia njia.

Basi fikirini, wazazi: je, ni afadhali kulijua jambo hilo leo kwa ada ndogo ya kipimo, ama kulijua baada ya kuuza shamba? Mpelekeni kijana kwa daktari kabla ya kuuza hata mbuzi mmoja. Naye kijana ajilinde na pombe na bangi, kwa sababu mashirika mengi huwapima marubani wao wakati wowote bila kuwaonya.

Hesabu na fizikia

Kijana asemaye, «Hesabu sizipendi, lakini napenda ndege,» amependa picha ya ndege tu. Hesabu za rubani si ngumu kupita kiasi. Ila yampasa kuzifanya upesi, kichwani, huku akisikiliza redio na kutazama vyombo.

Tutoe mfano. Ndege iko juu kimo cha futi 33,000, nayo yatakiwa kushuka mpaka futi 3,000. Je, rubani aanze kushuka akiwa bado maili ngapi? Marubani wana kanuni nyepesi: kwa kila futi elfu moja za kushuka, hesabu maili tatu za baharini. Futi za kushuka ni 30,000. Thelathini mara tatu ni tisini. Basi aanze zikiwa zimebaki maili 90. Na kama mwendo wake ni maili 480 kwa saa, yaani maili 8 kwa dakika, ana dakika 11 hivi za kutayarisha mambo yote. Mwanafunzi ajaribu hesabu za namna hii kila siku, bila karatasi, akitembea kwenda shuleni.

Na fizikia je? Kiwanja cha Lubumbashi kiko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kile cha Kavumu, karibu na Bukavu, mita 1,700 na zaidi. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi. Mabawa hayapati hewa ya kutosha kuyainua, na injini hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo ndege ileile yahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia, ama ipunguziwe mzigo. Mwanafunzi aelewaye sura ya hewa na mgandamizo wake katika kitabu cha fizikia amekwisha kuanza kusoma urubani, bila kulipa franka moja.

Lugha ya Kiingereza

Hapa twasema wazi na ndugu zetu wa Kongo, sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa. Kifaransa ni lugha nzuri, na katika nchi zake hutumika redioni. Lakini rubani avukaye mipaka hana budi kujua Kiingereza. Tangu 2008 kanuni za kimataifa zadai apimwe namna anavyokisema na kukisikia, katika ngazi sita. Asiyefikia ngazi ya nne haruhusiwi. Aliye katika ngazi ya nne hupimwa tena kila miaka mitatu.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa damu ya watu. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na mji wa Charkhi Dadri nchini India, ndege ya Saudia na ndege ya Kazakhstan ziligongana angani, wakafa watu 349, asibaki hata mmoja. Wachunguzi walikuta kwamba ndege ya Kazakhstan ilishuka chini ya kimo ilichoamriwa, na kwamba udhaifu wa Kiingereza wa waliokuwa wakiiendesha ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kijana asingoje shule ya urubani ndipo aanze lugha. Ajizoeze sasa kusikiliza habari za Kiingereza redioni, kusoma kwa sauti, kutamka namba zisikike moja moja, na kurudia maneno ya mwenzake neno kwa neno. Kazi ya redio ni hiyo: kusikia amri, kuirudia sawasawa, na kusema «Sikuelewa, rudia» pale usipoelewa. Mtu mwenye haya ya kusema «sikuelewa» hafai kukaa mbele katika ndege.

Kuchagua shule, na kulinda fedha

Sasa twafika penye gharama. Masomo mpaka leseni ya kazi hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Njia ni mbili. Ya kwanza, shirika lenyewe huchagua vijana, likawafundisha, nao hufungwa kwa mapatano ya kulitumikia miaka kadhaa. Nafasi hizo ni chache, na wanaozigombea ni wengi sana. Lakini yafaa kuziangalia kila mwaka. Njia ya pili ni kujilipia. Barani Afrika ziko shule za kujulikana: Ethiopian Airlines wana chuo chao Addis Ababa, kipokeacho pia wanafunzi wa nchi nyingine, na huko Soroti, Uganda, ipo shule iliyoanzishwa 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki.

Kabla ya kulipa, mzazi aulize maswali manne, na majibu yaandikwe. Je, shule imeidhinishwa na serikali ya nchi iliyomo? Je, leseni yake itakubaliwa katika nchi ambamo kijana atatafuta kazi, au itambidi afanye mitihani mingine? Je, ada hiyo yahesabu mafuta, mitihani na saa za ziada, kwa kuwa ni wachache wamalizao katika saa zilizoandikwa? Na je, waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi leo? Shule njema hujibu bila kukasirika. Tena usilipe ada yote kwa mara moja. Shule ikifungwa, fedha haitarudi.

Jihadharini pia na wezi. Wapo waandikao barua za simu zenye alama ya shirika kubwa: «Umechaguliwa, tuma dola mia tano za kuandikisha jina.» Shirika la kweli haliwauzii watu kazi. Akuombaye fedha ili akuandike kazi, huyo ni mwizi tu.

Daftari la saa

Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani wa kazi hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 kama alisoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya kapteni wa ndege za abiria, hutaka miaka 21 na saa 1,500. Nchi nyingi huruhusu mwenye leseni ya kwanza awe rubani msaidizi. Lakini Marekani, tangu 2013, kwa kawaida hudai saa 1,500 hata kwa msaidizi.

Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Wana leseni mkononi na saa 200, na kila shirika lawaambia: «Rudi ukiwa na saa elfu.» Watazipata wapi? Wengine hubaki shuleni wakiwa waalimu. Wengine hupeleka mizigo na wagonjwa kwa ndege ndogo. Huko Maun, Botswana, vijana wa mataifa mbalimbali hufika wakiwa na saa chache, hugonga milango ya kampuni ndogo zipelekazo wageni katika mabwawa ya Okavango, nao huvumilia majuma na miezi mpaka mmoja wa marubani aondoke. Kijana asiidharau ndege ya injini moja. Na asikae mbali na ndege: afanyaye kazi ya ofisi au ya kupakia mizigo katika kampuni ndogo hujulikana tabia yake, na nafasi ikipatikana huitwa mbele ya mgeni.

Kila saa huandikwa katika daftari, na daftari hilo ni shahidi. Ole wake aliandikaye uongo! Mei 2020 ndege ya shirika la taifa la Pakistan ilianguka Karachi. Mwezi uliofuata waziri alilitangazia bunge kwamba leseni za marubani 262 zilitiliwa shaka, kwa kuwa wengine walisemekana kuwatuma watu wawafanyie mitihani. Ulaya ililifungia shirika hilo anga yake, wala haikulifungulia mpaka Novemba 2024. Hata marubani ambao baadaye walionekana hawana kosa walikwisha kuaibishwa pamoja na wenye makosa.

Bali daftari la kweli laweza kumtetea mtu hata mbele ya wakuu. Twataka wanafunzi wetu walijue jina la Marlon Green, Mmarekani mweusi, aliyesoma katika shule za Kikatoliki na kuwa rubani katika jeshi la anga. Mwaka 1957 aliomba kazi kwa Continental Airlines. Karatasi ya maombi iliuliza rangi ya mtu. Yeye aliacha mahali hapo wazi. Aliitwa, akajaribiwa, akaonekana aweza. Alikuwa na saa zaidi ya 3,000. Lakini walipomwona, waliandikwa wazungu waliokuwa na saa chache kuliko zake. Green alishtaki. Mahakama za jimbo la Colorado zilimpa haki mwenye shirika. Yeye hakuchoka, mpaka tarehe 22 Aprili 1963 waamuzi wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani wakaamua kwamba sheria ya jimbo iliyokataza ubaguzi yalihusu shirika hilo pia. Alianza kazi 1965, akawa kapteni 1966, akastaafu 1978.

Fikirini: kama daftari lake lingekuwa na saa moja ya uongo, adui zake wangelishika hilo, na kesi yote ingeanguka. Miaka ile aliyopotezewa haikurudi. Lakini marubani weusi waliomfuata waliukuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Siku ya kujaribiwa

Tuseme umeitwa. Utafanya mtihani wa kuandika, kisha utaulizwa maneno na wakubwa, mwisho utaketishwa katika simuleta, yaani chumba kilichofanywa mfano wa mbele ya ndege. Wengi hujitayarisha kuonyesha mikono hodari. Wapimaji hutazama zaidi jambo lingine: waweza kufanya kazi na mwenzako?

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, kulikuwa na ukungu mzito. Kapteni wa ndege ya KLM, mwenye sifa nyingi na mwalimu wa marubani wenzake, alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Fundi wake aliuliza kama ndege ya Pan Am imekwisha kutoka njiani. Kapteni alijibu kwamba imetoka, na fundi akanyamaza. Haikuwa imetoka. Walikufa watu 583. Lakini tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United iliyokuwa na watu 296 ilipoteza nguvu zote za kugeuzia usukani. Kapteni Al Haynes hakusema, «Mimi najua.» Aliwasikiliza wenzake, akamkaribisha hata mwalimu wa marubani aliyekuwamo kama abiria, nao wakaiongoza kwa nguvu za injini tu mpaka Sioux City. Iliumia vibaya ilipogusa nchi, lakini watu 184 waliokoka.

Tangu ajali ya Tenerife marubani hufundishwa kusikilizana, na ndiyo sababu utaulizwa: «Kapteni wako akikosa, utafanyaje?» Usijibu kwamba utanyamaza kwa heshima, wala usijibu kwamba utamnyang'anya usukani mara moja. Utamwambia wazi kwa adabu. Asiposikia, utarudia kwa nguvu. Hatari ikikaribia, utatenda ilivyoandikwa katika kanuni. Kwetu mtoto hufundishwa kutomsahihisha mkubwa. Heshima hiyo ni njema, ila katika ndege heshima ya kweli ni kumwonya mkubwa kabla hajaangamia pamoja na wote. Vijana wajizoeze kusema hivyo, bila kiburi wala woga. Ukikosa katika simuleta, sema «Nimekosa, narekebisha,» kisha uendelee. Akosaye na kusahihisha huandikwa kazi kuliko afichaye kosa.

Na wasichana je?

Wazazi, msiwaondoe binti zenu katika shauri hili. Mwaka 2014 Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kufanywa kapteni wa ndege ya Boeing 787. Huko Rwanda, Esther Mbabazi, aliyefiwa na baba yake katika ajali ya ndege hapa Kongo alipokuwa bado mtoto, alisoma Soroti, kisha Marekani kwa msaada wa RwandAir, akawa mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuendesha ndege za abiria. Daktari na daftari haviulizi kama mtu ni mume au mke.

Neno la mwisho kwa wazazi

Mwanenu akisema, «Nataka kuwa rubani,» msijibu ndiyo, wala msijibu siyo. Mpelekeni kwa daktari. Zitazameni alama zake za hesabu na fizikia. Mpeni mwaka mmoja wa kujifunza Kiingereza kwa bidii. Amalize kwanza sekondari, apate diploma yake, maana bila hiyo hata milango mingine itafungwa. Akishinda hayo yote na moyo wake bado uko palepale, ndipo mketi pamoja mhesabu fedha. Na hata hapo, msiuze shamba liwalishalo wadogo zake.

Na daktari akisema hapana, msiomboleze. Ndege moja hairuki kwa rubani peke yake. Wako mafundi wa injini, waongozaji katika mnara wa kiwanja, wapimaji wa hali ya hewa, nao wote wahitajiwa Kongo. Hesabu alizojifunza zitamfaa huko, Kiingereza kitamfaa, na uaminifu utamfaa popote. Hakuna siku moja ya maandalizi hayo iliyopotea, na shamba la jamaa bado liko mahali pake.